Hila Isiyo na Neno: Asili ya Uvuvi wa Nzi Bandia na Swali la Uongo

Uvuvi wa nzi bandia, yaani ule wa kumnasa samaki kwa ndoana iliyovikwa sufu, nyuzi na manyoya hata ikafanana na mdudu arukaye juu ya maji, una sifa moja inayoutenga na uvuvi wa wavu, wa dema na hata wa mshipi wenye chambo cha kawaida: samaki haandaliwi chochote cha kula. Mvuvi anayetunga kipande cha ngisi kwenye ndoana humtegea samaki chakula cha kweli chenye hatari ndani yake, ilhali mvuvi wa nzi bandia humwonyesha sura ya chakula pekee, akitumaini kwamba jicho la samaki litaamini kile ambacho hakipo. Kwa sababu hiyo, uvuvi huu unaingia moja kwa moja katika swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelijadili kwa karne nyingi: je, kuna uongo unaotendwa kwa mikono pasipo ulimi kutamka neno, na je, anayedanganywa akiwa ni kiumbe kisichoweza kuhoji, kosa linabaki au linaondoka?

Maelezo ya kale yaliyo wazi kuhusu uvuvi huu yamo katika kitabu cha 15 cha kazi ya Claudius Aelianus juu ya tabia za wanyama, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika miaka ya mwanzo ya karne ya 3 baada ya Kristo. Aelianus alikuwa Mrumi wa mji wa Praeneste, na Philostratus, aliyeandika habari za wanazuoni wa zama hizo, anaeleza kwamba hakupata kutoka nje ya Italia wala kupanda merikebu, hivyo yale aliyoyaandika kuhusu Makedonia aliyapokea kwa masikio. Anasimulia kwamba katika mto Astraeus, uliopita kati ya Beroya na Thesalonike, waliishi samaki wenye madoadoa waliokula mdudu aliyeitwa hippouros, mwenye ujasiri wa nzi, rangi ya nyigu na mvumo wa nyuki. Mdudu huyo alipoelea juu ya maji, samaki alimwendea taratibu kutoka chini, asije akautikisa uso wa mto na kumtorosha, kisha akafumbua kinywa na kumnyakua. Wavuvi hawakuweza kumtumia mdudu mwenyewe kuwa chambo, kwa kuwa aliguswapo na mkono wa mtu alipoteza rangi, mabawa yake yakanyauka, na samaki wakamkataa. Ndipo walipozungushia ndoana sufu nyekundu, wakaifungia manyoya mawili yenye rangi ya nta, yaotayo chini ya ngozi inayoning'inia kooni mwa jogoo, na kuitupa kwa ufito wa futi 6 na mshipi wa urefu uo huo.

Sababu anayoitoa Aelianus ina uzito kuliko sufu na manyoya. Nzi bandia alizaliwa kwa kuwa nzi wa kweli hakustahimili kushikwa. Hila ilitokana na udhaifu wa mkono wa binadamu, ambao huharibu kile unachotaka kukitumia. Ili kuuziba upungufu huo, Wamakedonia walilazimika kumtazama mdudu bila kumgusa, kujua saa anayotokea, kupima rangi yake kwa jicho la samaki badala ya jicho lao, na kuujua mwendo wa maji kiasi cha kuufanya uzi uliofungwa uonekane una uhai. Udanganyifu wao, kwa hiyo, ulisimama juu ya ukweli mwingi uliokusanywa kwa subira, na hapa pana jambo la kustaajabisha ambalo wapinzani wa uvuvi huu mara nyingi hulipita: asiyeujua ukweli wa mto hawezi kumdanganya samaki wake. Hata hivyo, kujua sana si kibali cha kutenda, na Aelianus mwenyewe haachi kusema kwamba samaki, baada ya kuvutwa na uzuri wa rangi, aliishia kuonja karamu chungu.

Zaidi ya miaka 500 kabla ya Aelianus, Plato alikuwa tayari amemtia mvuvi wa ndoana katika falsafa. Katika majadiliano yake yanayomhusu msofisti, yaani mwalimu wa kulipwa aliyefundisha ufasaha na ubishi, mgeni kutoka Elea anafanya zoezi la kumfasili mvuvi kwa kuzigawa sanaa zote mbili mbili: zile za kutengeneza na zile za kupata, kupata kwa kubadilishana na kupata kwa kukamata, kukamata kwa wazi na kukamata kwa kuvizia, mpaka anafika kwa yule anayemchoma samaki kutoka chini kwenda juu kwa ndoana. Mfano huo ulichaguliwa kama jambo dogo lijulikanalo na kila mtu, lakini matokeo yake si madogo, kwa maana njia iyo hiyo inamfikisha mgeni kwa msofisti, ambaye naye anaonekana kuwa mwindaji, mawindo yake yakiwa vijana matajiri. Katika kitabu cha 7 cha Sheria, Plato anakuwa mkali zaidi: anawaombea vijana wasishikwe na tamaa ya kuvua kwa ndoana wala kwa mitego inayofanya kazi mwenyewe akiwa amelala, kwa kuwa hakuna ushujaa ndani yake. Lakini mvuvi wa riziki anamruhusu nje ya bandari, mito mitakatifu na maziwa, mradi asiyachafue maji kwa utomvu wa mimea, jambo ambalo yeyote aliyeona utupa ukitumiwa kuwalevya samaki ataelewa mara moja kwa nini lilikatazwa. Plato, basi, analaumu tabia ambayo hila humjengea mvuvi. Kuhusu samaki hasemi neno.

Mzigo wa swali lenyewe la uongo ulibebwa na wanatheolojia. Augustino wa Hippo, katika kitabu alichokiandika karibu na mwaka 395, alifundisha kwamba mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine katika maneno au ishara zake, akiwa na nia ya kudanganya. Neno "ishara" hapo ni zito, kwa sababu linaufungua mlango kwa matendo. Thomas Aquinas, karne 9 baadaye, aliupita mlango huo aliposema kwamba kujifanya kwa vitendo kile ambacho mtu sicho ni aina ya uongo. Lakini alipojadili mavizio ya vitani, akikumbuka jinsi Yoshua alivyoamriwa kuuvizia mji wa Ai, alitofautisha kati ya kumwambia mtu jambo la uongo, ambalo halihalalishwi kamwe, na kumficha makusudi yako, ambako si dhambi. Nzi bandia hakai vizuri upande wowote wa mpaka huo. Ndoana imefichwa, na kuficha kunaruhusiwa, ila manyoya yanatangaza, na kinachotangazwa si kweli.

Hugo Grotius, mwanasheria wa Uholanzi aliyechapisha kitabu chake juu ya sheria ya vita na amani mwaka 1625, alilikata fundo kwa njia nyingine. Kwake, uongo ulio kosa ni ule unaovunja haki ya anayeambiwa, yaani uhuru wake wa kuamua kwa akili; ndiyo sababu aliona kwamba mtoto mchanga au mtu asiye na akili timamu hadhulumiwi kwa kuambiwa lisilo kweli. Kwa kipimo hicho samaki hadanganywi katika maana ya kimaadili, kwani hana hukumu ya akili inayoweza kupotoshwa. Hoja hii ni madhubuti na inastahili kukubaliwa, lakini iangaliwe inafika wapi: inamwondolea mvuvi shtaka la uongo, haimwondolei shtaka la ukatili. Kiumbe asiyekuwa na haki ya kuambiwa kweli anaweza bado kuwa na haki ya kutoumizwa bure.

Kabla ya kuligeukia shtaka hilo la pili, inafaa kukumbuka kwamba Ukristo wa kale haukuona haya kumhusisha Mungu mwenyewe na ndoana. Gregori wa Nisa, askofu wa Kapadokia katika karne ya 4, alieleza ukombozi kwa kusema kwamba Uungu ulifichwa ndani ya mwili wa Kristo kama ndoana ndani ya chambo, shetani akaumeza kwa ulafi wake na akanaswa. Gregori hakukwepa ugumu wa fundisho lake. Alijiuliza waziwazi kama hila hiyo inamfaa Mungu mwenye haki, akajibu kwamba mdanganyifu alilipwa kwa kipimo chake mwenyewe, na kwamba nia ilikuwa kuponya. Katika karne ya 12, Herrad wa Landsberg, mkuu wa watawa wa kike huko Alsace, alitia katika kitabu chake picha ya Mungu akimvua Lewiathani kwa mshipi, na ingawa kitabu hicho kiliteketea Strasbourg mwaka 1870, nakala za picha zimesalia. Anselm wa Canterbury aliyaacha mafundisho ya namna hiyo katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1098, akakataa kwamba shetani alikuwa na haki yoyote juu ya binadamu. Lililo muhimu ni kwamba hata Gregori, mtetezi mkubwa wa hila takatifu, hakuitetea kwa ustadi wake wala kwa furaha ya aliyeitega. Aliitetea kwa mwisho wake.

Kipimo hicho cha mwisho kinarudi katika kitabu cha kwanza cha Kiingereza kilichochapishwa kuhusu uvuvi wa ndoana, risala iliyotolewa na Wynkyn de Worde huko Westminster mwaka 1496 na kwa desturi kuhusishwa na Juliana Berners, mtawa anayesemekana kuwa mkuu wa nyumba ya Sopwell, ingawa ushahidi wa jambo hilo ni dhaifu. Risala inataja nzi bandia 12 kufuata miezi, na kisha inampa mvuvi masharti: asivue katika maji ya mtu maskini bila ruhusa, asivunje ua, afunge malango anayopita, asivue kwa ajili ya kujiongezea fedha, asichukue samaki wengi kwa mara moja, na autumie upweke wake kusali. Ni nadra kwa kitabu cha ufundi kumwekea msomaji mipaka mingi kiasi hicho, na aliyekiandika alijua alichokuwa akikiweka mikononi mwa watu.

Izaak Walton, mfuasi wa Kanisa la Uingereza aliyechapisha kitabu chake maarufu mwaka 1653, miaka 4 baada ya mfalme Charles I kukatwa kichwa, aliuona uvuvi kuwa kimbilio la mtu wa tafakuri katika nchi iliyoraruliwa na vita, na akakifunga kitabu kwa shauri la Paulo katika barua yake kwa Wathesalonike kwamba wajitahidi kuishi kwa utulivu. Barua hiyo ilipelekwa katika mji uo huo ambao Astraeus ulipita karibu nao. Sura ndefu juu ya nzi bandia ziliongezwa na rafiki yake Charles Cotton mwaka 1676. Hata hivyo, utulivu wa mvuvi si utulivu wa samaki, na mshairi Byron alimshambulia Walton vikali kwa kulisahau hilo.

Tangu hapo uvuvi huu umezidi kuwa mchezo. Mayai ya trauti yalisafirishwa kutoka Uskoti, na mwaka 1905 samaki hao walipandikizwa katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare nchini Kenya, ili walowezi wapate huku burudani ya kwao. Mwaka 1939 Mmarekani Lee Wulff alitetea desturi ya kumrudisha samaki majini akiwa hai, kwa hoja kwamba samaki anayevuliwa kwa mchezo ana thamani kubwa mno kuvuliwa mara moja tu. Desturi hiyo imehifadhi mito mingi, na wanaoifuata huiona kuwa kilele cha huruma. Lakini mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba trauti ana vipokezi vya maumivu kichwani, na kwamba aliyechomwa dawa kali mdomoni huchelewa kula na hujisugua kwenye changarawe. Wapo wanasayansi wanaopinga kuyaita hayo maumivu, wakisema ubongo wa samaki hauna tabaka la nje ambalo kwa binadamu hubeba hisia hiyo. Hata wakiwa sahihi, mtu mwaminifu hawezi kuujenga mchezo wake juu ya shaka hiyo.

Sheria ya Kiislamu inatoa hapa mwanga ambao falsafa ya Ulaya iliukaribia kwa kuchelewa. Sura ya 5 ya Kurani, aya ya 96, inahalalisha mawindo ya bahari na kuyataja kuwa manufaa kwa wakazi na wasafiri, maana yake riziki. Na hadithi iliyopokewa na al-Nasai inaonya kwamba shomoro aliyeuawa kwa mchezo atamshtaki muuaji wake mbele ya Mwenyezi Mungu. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1972 ya kuwalinda wanyama inadai pawepo sababu ya haki kabla ya mnyama mwenye uti wa mgongo kuumizwa, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa kumvua samaki kwa nia ya kumrudisha si sababu ya haki. Uswisi nayo iliweka katazo la namna hiyo mwaka 2008.

Mvuvi anayemrudisha samaki mchanga ili akue anatenda vema, na hakuna anayemlaumu. Lakini yule anayekwenda mtoni akiwa ameazimia tangu nyumbani kutokula chochote, akamdanganya trauti, akamchosha, akamshika, akampiga picha na kumwachia, amelitenganisha tendo na sababu pekee iliyokuwa ikilitetea. Wamakedonia wa Astraeus, waliotaka kitoweo, wana utetezi ulio bora kuliko wake.