Anakula na Nani?

Daktari hakuanza na dawa. Aliangalia kadi ya Bibi, akafuata kwa kidole vipimo vya shinikizo la damu vya miezi mitatu, kisha akaniuliza, "Nyumbani anakula na nani?"

Nilimjibu haraka kwamba anakula vizuri. Samaki wapo, maziwa yapo, matunda hayakosekani. Akalirudia swali lile lile taratibu, kama tunavyofanya sisi walimu mwanafunzi anapojibu swali ambalo hakuulizwa. Nikanyamaza. Jibu la kweli lilikuwa kwamba Bibi anakula na redio.

Alikuwa amekaa nami Geita mjini kwa miezi minane. Nilimtoa kijijini, upande wa Tinde mkoani Shinyanga, baada ya mtoto wa jirani yake kufariki kwa homa. Mama mdogo alinipigia simu usiku wa siku hiyo hiyo. Hakueleza mengi. "Njoo umchukue mama," alisema. "Watu wanakatiza mazungumzo akipita."

Kwa mtu aliyekulia Usukumani, maneno hayo yanatosha. Tulikua tukijua kwamba kuna vikongwe waliokatwa mapanga usiku kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Shuleni tukaambiwa wekundu huo unatoka wapi: ni miaka mingi ya kupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa kuwa kuni ni haba, katika jiko lisilo na dirisha. Tulilijua hilo, na bado tuliogopa. Takwimu za serikali alizozichambua msomi Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu yao waliuawa Usukumani, na wengi walikuwa wanawake. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Lakini hofu haiondoki kwa tangazo.

Kwa hiyo nilikwenda. Nilikodi gari, nikafika alfajiri, na kabla jua halijapanda tulikuwa tumeondoka, Bibi amekaa kiti cha mbele na kifurushi cha michembe mapajani. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Nyumba yangu ina uzio, geti na jiko la gesi. Baada ya miezi michache macho ya Bibi yalianza kuwa meupe, na mimi nilikuwa nikiwaonyesha watu picha zake kwenye simu. Ambacho sikukionyesha ni vitu vingine vilivyokuwa vikibadilika. Alianza kuacha chakula nusu sahani. Alisahau kumeza vidonge, kisha akasahau kwamba amesahau. Alilala mchana na kukesha usiku. Mimi nilitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jioni na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mtaa wetu ni wa watu waliofuata dhahabu kutoka kila mkoa. Tunasalimiana kwa honi. Siku moja nilimkuta ameweka kigoda nje ya geti, anawasalimia wapita njia, "Mwangaluka," na vijana wa bodaboda wanapita bila kuitika. Nikamwambia aingie ndani, vumbi litamdhuru.

Vumbi. Ndivyo nilivyosema.

Baada ya swali la daktari nilianza kusoma. Mwaka 2010 mwanasaikolojia wa Marekani, Julianne Holt-Lunstad, na wenzake waliunganisha tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko wasiokuwa nao. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 inahusisha upweke na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Niliposoma hayo nilikumbuka jinsi sisi hapa tunavyopenda kusema kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu, kwamba kwetu mtu ni watu. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Ni kweli. Ila familia yenyewe iko wapi?

Yetu ilikwenda kwenye dhahabu. Mjomba mmoja alikwenda kwenye maduara ya Nyarugusu nikiwa darasa la pili, akarudi mara mbili tu, zote kwa misiba. Mwingine anasaga mawe kwenye makarasha huko Katoro. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, ukaleta barabara, benki, shule na ajira kama yangu. Silalamiki, ndiyo iliyonisomesha na kunilisha. Lakini kila mmoja aliyeondoka alimpunguzia Bibi sahani moja jioni, na sote tulijaza pengo kwa simu. Mwisho wa mwezi ujumbe unaingia, Bibi anapeleka simu kwa mtoto wa jirani amsomee, anatoa hela kwa wakala. Tukaita hiyo kumtunza. Wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka, ila sisi tulidhani fimbo ikiwa ya fedha itafika.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo sikuliona mwanzoni. Nilikuwa nikifikiri tuhuma ndiyo inayomtenga mzee. Sasa nadhani mara nyingi ni kinyume chake. Angalia ni nani anayeshukiwa: mjane, anayeishi peke yake, ambaye watoto wake wako mbali na hakuna anayeingia kwake kuona kwamba ndani kuna chungu, kitanda na kuku anayetamia. Nyumba ambayo watu hawaingii, watu huijaza kwa maneno. Sisi tuliomwacha peke yake hatukusema neno lolote baya juu yake. Tuliandaa tu mahali pa neno hilo kukaa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, hakubaliani nami. Anasema ninakipamba kijiji. Upweke hauji na panga, aliniambia, na heri bibi mwenye huzuni kuliko bibi aliyekufa. Sina jibu la kumshinda. Najua wapo vikongwe waliouawa wakiwa na majirani tele, na wengine walisingiziwa na ndugu zao wenyewe waliotaka shamba. Watu si uzio. Lakini hoja yake ina dosari moja ambayo na yangu ilikuwa nayo: sote wawili tulikuwa tukipanga kuhusu Bibi bila Bibi.

Nikamuuliza. Ilikuwa jioni, nimezima redio, nimekaa chini kwenye mkeka wake.

"Bibi, unataka kurudi?"

"Nataka."

"Kule wanakusema."

"Kule wananisema," alikubali. "Hapa hakuna hata wa kunisema."

Kisha akaniambia jambo ambalo alilinyamazia miezi yote minane. "Mjukuu wangu, yule mtoto hatukumzika."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kama anavyoelezwa mtu mgeni. Mtoto wa jirani amekufa. Wanawake wote wanakwenda kulala msibani, wanabeba maji, wanapika. Yeye, aliyemkata kitovu yule mtoto, ameondoka alfajiri kwa gari. "Ungekuwa wewe mama yake, ungefikiri nini?"

Nilikuwa nimemwokoa kwa namna ambayo ilimtia hatiani. Na nilipojichunguza zaidi niliona kwamba hofu niliyokuwa naitibu kwa geti na gesi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeweza kulala. Pengine hili ndilo swali la maadili ambalo sisi wajukuu wenye mishahara hatulipendi: tunapomfungia mzee mahali salama, tunalinda uhai wake, au tunajilinda sisi na siku ya kupigiwa simu? Kwa mtoto mchanga tuna haki ya kuamua. Bibi si mtoto. Ameishi na majirani hao tangu alipoolewa. Anajua ni nani wa kuogopwa na ni nani anayeropoka tu. Kumnyima haki ya kuchagua hatari yake ni kumwambia kwamba maisha yake yameshakwisha, na kilichobaki ni kuutunza mwili.

Tulirudi wakati wa likizo. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaacha namba yangu. Mama mdogo alikubali binti yake awe analala kwa Bibi. Kisha tukaenda kutoa pole, miezi kumi baada ya msiba. Tuliingia kwenye ule mji tukiwa tumebeba unga na sukari. Baba wa mtoto alituona, akaingia ndani, hakutoka tena. Mama yake alisimama kwa muda mlangoni. Halafu akaleta kigoda, akamkalisha Bibi, naye akaketi chini. Hawakuzungumza. Bibi alilia kwa sauti, kilio cha msibani, kana kwamba mtoto alikufa jana, na yule mama akalia naye. Baadaye yalikuja maji ya kunawa. Tulikula ugali na mlenda. Nilihesabu mikono kwenye sahani: minne.

Sijui kama yamekwisha. Yule baba bado hamsalimii Bibi. Gesi ipo, anaitumia kwa chai, ugali anarudi kupikia nje kwenye mafiga, nami nimeacha kugombana naye juu ya moshi. Nimemfungia paneli ndogo ya umeme wa jua, na jioni watoto huleta simu za wazazi wao kuchaji, kama zamani walivyotumwa kuomba kaa la moto. Wakija, wanakaa.

Mimi nimerudi Geita, kwenye madaftari yangu. Bado natuma hela. Kilichobadilika ni swali ninalouliza nikipiga simu. Sianzi tena na "Hela imeingia?" Namuuliza amekula na nani. Siku nyingi hunitajia jina, au majina mawili. Siku nyingine anakaa kimya kidogo kabla ya kujibu, nami naanza kuhesabu siku zilizobaki hadi likizo.