Mwenye Mpira

Mwezi wa tatu mwaka huu nilipata kazi kutoka kwa mteja wa mtandaoni ambaye sijawahi kumwona. Alitaka makala ya maneno elfu moja: faida kumi za michezo ya jadi ya India katika makuzi ya mtoto. India sijafika. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kuelewana na mshahara wa mama, na tangu hapo naishi kwa kuandika mambo ya watu wengine: mapitio ya magodoro, dalili za upungufu wa damu, jinsi ya kufuga samaki. Nikaketi kwenye chumba changu hapa Free Area, Nakuru, nikawasha kompyuta, nikaanza kusoma kuhusu watoto wa India.

Kumbe nilikuwa nawajua. Kancha, ule mchezo wao wa vigololi vya kioo, ni bano. Lagori ni vijiwe saba vilivyopangwa mnara. Timu moja inauangusha kwa mpira, halafu inakimbizana na muda kuupanga tena kabla haijalengwa na wenzao. Mtu yeyote aliyewahi kucheza kati mtaani ataelewa mchezo huo kwa dakika moja. Pallanguzhi ya Watamil ni ubao wenye safu mbili za mashimo, saba huku na saba huku, na mbegu za kugawa. Hapa Wajaluo wanaita ajua, Wakikuyu giuthi, Wamaasai enkeshui, na Pwani kuna bao lenye safu nne na kete 64. Hata ludo ambayo vijana wa bodaboda wanacheza stejini wakingoja abiria ni mtoto wa pachisi ya India. Ilipitia Uingereza kwanza, ikasajiliwa huko mwaka 1896, ndipo ikatufikia.

Basi faida hazikunisumbua. Bano huimarisha vidole ambavyo baadaye vitashika kalamu. Ajua hufundisha kuhesabu na kupanga hatua tatu mbele. Bladda hujenga miguu na pumzi. Brikicho humzoeza mtoto kukaa kimya na kustahimili hofu. Kalongolongo, ile ya kupika matope kwenye mikebe na kuwa mama na baba, humpa mtoto nafasi ya kufikiria maisha ya mtu mwingine. Nikafika tisa bila jasho.

Mpwa wangu, ambaye ana miaka minane na hukaa kwangu dada yangu akiwa kazini, alikuwa amesimama nyuma ya kiti akisoma.

"Anko, mbona hujaandika ni tamu?"

Nikacheka. Halafu sikucheka.

Ukiangalia vizuri, orodha ile haikuutetea mchezo hata kidogo. Ilikuwa inautetea ubongo, vidole, na alama za hesabu. Mchezo ulikuwa punda tu wa kubeba mizigo hiyo. Na punda akipatikana mwingine mwenye nguvu zaidi, wa kwanza anaachwa. Kesho mtu akileta programu ya simu inayofundisha hesabu haraka kuliko ajua, utamjibu nini, kama sababu yako pekee ya kupenda ajua ilikuwa hesabu? Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema kwenye kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Hausemi acheze ili apate alama. Hata mawakili walielewa, sisi wazazi na anko ndio tumekwama.

Kwenye ploti yetu kuna ukuta wenye maandishi ya rangi nyekundu: HAKUNA KUCHEZA HAPA. Mwenye ploti aliyaweka baada ya mpira kugonga kioo cha gari. Simlaumu sana, kioo si bei rahisi. Lakini watoto kumi na tano wanaishi hapo, na nje ya geti ni barabara ya lori. Kwa hiyo hawachezi popote. Wanakaa kwenye ngazi wakigombania simu moja.

Faida ya kumi niliyokuwa nimepanga ilikuwa hii: michezo hufundisha maadili. Ni sentensi rahisi, kila mtu huiandika. Hapo ndipo nilikwama wiki nzima, kwa sababu nilicheza kila mchezo ulio kwenye orodha ile, na najua nilichofanya.

Nilikulia upande mwingine wa mji, kwenye nyumba za laini, ambapo jioni watoto wote tulimwagika uwanjani. Hakuna mkubwa aliyetusimamia. Kwenye kati, wawili wanasimama pande mbili wakirusha mpira, na walio katikati wanakwepa, ukiguswa umetoka. Nani aligusa, nani hakugusa? Tulibishana hadi koo zikauma, lakini lazima tungemaliza, kwa sababu giza lilikuwa linakuja na mama angeita. Mtoto mdogo aliyeng'ang'ania kucheza tulimwacha acheze bila kuhesabiwa: akiguswa hatoki. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hilo. Tuliona tu kwamba akilia, mchezo unaharibika kwa wote.

Mswisi mmoja, Jean Piaget, alienda kuwauliza watoto wa kwao kuhusu bano zao, na mwaka 1932 akachapisha kitabu kuhusu jinsi mtoto anavyofikiria mema na mabaya. Aligundua kwamba watoto wadogo huona sheria za mchezo kama kitu kitakatifu kilichotoka kwa wakubwa, kisichoguswa. Wakikua kidogo, wanaelewa kwamba sheria ni makubaliano: inaweza kubadilishwa, mradi wote wakubali. Nilipomsoma nilisema, buda, hii tuliijua. Nguvu ya sheria zetu ilitokana na kitu kimoja tu: yeyote angeweza kuondoka. Ukimwonea mwenzako sana, anaenda kwao, na mchezo wa kati hauchezwi na mtu mmoja. Ulilazimika kuwa mwema kiasi cha kutosha ili abaki.

Nilikuwa na jirani wa rika langu ambaye ndiye aliyenifundisha bano. Siku moja nilimwibia. Alipogeuka kidogo, nilisogeza mkono karibu na bano yake kabla ya kufyatua, nikaipata, nikaiweka mfukoni. Aliniona. Tukasukumana, akaniita mwizi mbele ya kila mtu, nikanuna siku nzima. Kesho yake alinigongea dirisha tukacheze. Ilikuwa imeisha.

Halafu ikaja Januari 2008. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Desemba 27, wakubwa wakakosana kuhusu nani ameshinda, na mwishoni mwa Januari moto ulifika Nakuru. Kufikia Februari 28, mkataba wa amani uliposainiwa, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa nchi nzima. Hapa kwetu uwanja wa maonyesho wa kilimo uligeuka kuwa mji wa mahema. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka moshi, na nakumbuka mama akituambia tusiongee lugha ya nyumbani dukani.

Kulipotulia kidogo tulirudi uwanjani, tukiwa wachache. Nilikuwa na mpira mpya wa juala, mzuri, mzito, uliofungwa kwa kamba vizuri. Wakati huo juala zilikuwa zimejaa kila mahali. Ilikuwa bado miaka tisa kabla ya serikali kuzipiga marufuku mwaka 2017. Mvulana mmoja mkubwa akasema, "Leo tugawane vizuri. Sisi huku, wao kule."

Kabla ya siku hiyo, "sisi" ilimaanisha watoto wa laini ya juu. Kila mtu alielewa kwamba maana imebadilika. Watu wakaniangalia mimi, kwa sababu mpira ulikuwa wangu, na mwenye mpira ndiye anayeamua. Jirani yangu pia aliniangalia.

Nikasema sawa.

Alienda kule, yeye na wengine wawili. Msichana mmoja wa darasa la saba, ambaye alikuwa wa "sisi", alisimama katikati akasema, "Hii si kati tena," akaenda kwao. Sisi tuliobaki tulicheza kama dakika tano. Tulirusha mpira kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyebishana kuhusu nani ameguswa, na hiyo ndiyo ishara ambayo sikuielewa wakati huo: watu hubishana na mtu wanayetaka abaki. Jirani yangu aliondoka bila kusema kitu. Sikugongewa dirisha tena. Kabla ya Pasaka familia yao ikahama, na sijui walikwenda wapi.

Mwanahistoria Mholanzi, Johan Huizinga, aliandika mwaka 1938 kitabu kuhusu mchezo na utamaduni wa binadamu. Anatofautisha watu wawili: mwizi wa mchezo, na mharibifu wa mchezo. Mwizi bado anajifanya anacheza, kwa hiyo bado anaukubali mchezo. Mharibifu anauvunja ulimwengu wenyewe. Huizinga anaona kwamba kikundi humsamehe wa kwanza kwa urahisi kuliko wa pili. Nilisoma hayo usiku, hapa Free Area, miaka mingi baadaye, nikajua kwa nini bano ilisamehewa kwa siku moja na mpira haukusamehewa. Nilipoiba bano nilikuwa nasema: nataka kukushinda. Niliposema sawa nilikuwa nasema: wewe si mtu wa kucheza naye.

Sasa, je, michezo hufundisha maadili? Waliochoma nyumba mwaka ule walikuwa wamecheza. Walijua brikicho, walijua ajua, walipika kalongolongo na watoto wa wale waliowafukuza. Kama mchezo ungekuwa chanjo, Bonde la Ufa lingekuwa na kinga kubwa. Kwa hiyo sentensi yangu ya kumi ilikuwa uongo, na mtu angeilipia dola.

Lakini kinyume chake pia si kweli. Yule msichana wa darasa la saba hakuwa amesoma katiba. Hakusema ukabila ni mbaya. Alisema hii si kati tena. Alijua umbo la kitu cha haki kwa sababu alikuwa amekikimbia jioni mia moja, na kilipovunjwa alikitambua papo hapo, kabla ya sisi wote, na kabla ya wakubwa wengi wa nchi hii. Nadhani hicho ndicho mchezo unaweza kutoa: haukufanyi mwema, unakupa tu mahali pa kwanza ambapo umeonja haki bila polisi na bila mhubiri. Baadaye ukiisaliti, unajua umesaliti nini. Mimi najua. Si kidogo, ingawa ni uchungu kuliko faida zile tisa.

Jumapili moja nilimpeleka mpwa wangu Hyrax Hill, pale karibu na barabara kuu ya Nairobi. Ni kilima ambacho Mary Leakey alikichimba kuanzia mwaka 1937, na kikawekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1943. Watu huenda kuona makaburi na misingi ya makao ya kale. Mimi nilitaka aone mwamba wenye mashimo: mbao za bao zilizochongwa kwenye jiwe lenyewe, safu kwa safu. Akaweka vidole ndani ya shimo moja baada ya jingine, kisha akauliza, "Ni ya nani?"

Nikamwambia haina mwenyewe.

"Kwa hivyo hakuna mtu anaweza kuibeba aende nayo kwao."

Sikuwa nimewahi kumsimulia habari za mpira wangu. Nilikaa kwenye lile jiwe kwa muda. Aliyechonga angeweza kutengeneza ubao wa mti, mwepisi, wa kuweka kwapani. Alichagua mwamba. Yeyote anayepanda kilima anaketi, na uliyegombana naye jana utamkuta palepale leo.

Tuliporudi nilienda kuongea na keateka, naye akaongea na mwenye ploti. Sikutumia neno makuzi wala neno ubongo. Nilisema watoto hawana pa kukutana. Tulikubaliana: saa kumi hadi saa kumi na mbili, magari yasogezwe upande mmoja, mpira uwe laini, na kioo kikivunjika wazazi tuchange. Maandishi ya ukutani bado yapo. Siku mbili zimeshaharibika kwa sababu mtu alikataa kusogeza gari.

Mteja nilimtumia faida tisa, na ya kumi nikaandika: mtoto hujifunza kwamba mwenzake anaweza kuondoka. Aliifuta, akaweka "hujenga nidhamu", akalipa.

Wiki jana mpwa wangu alikuja mlangoni amekasirika. Kuna mvulana mpya wa nyumba namba saba, wamehamia juzi, na anaiba kwenye bano. Nilishaanza kuvaa sandali ili niende kuamua. Nikazivua.

"Mwambieni mnajua anaiba," nikamwambia. "Lakini msimtoe."

"Na akiiba tena?"

"Mwambieni tena."

Aliniangalia kama mtu asiye na akili, akashuka ngazi mbio. Nikasikia kelele, kelele nyingi sana, na jina la yule mvulana likiitwa na kila mtu. Kisha nikasikia bano zikigongana.