Nasaba ya Masihi

Ndani ya kreta ya Ngorongoro yamo makaburi ya mababu wa Kidatoga, ilhali nchi hiyo ilitwaliwa na Wamaasai katika karne ya 19. Huko Karatu, Wadatoga na Wairaqw ni majirani. Kila ukoo una haki ya kuwahesabu wazee wake. Je, hesabu hiyo yaweza kuwa kipimo cha utu?

Mathayo aliifungua Injili yake kwa nasaba ya Masihi, tangu Ibrahimu. Lakini humo alimwandika Ruthu, mwanamke Mmoabu. Na Yusufu, ambaye nasaba yote yamshukia, hakumzaa Mtoto bali alimpokea. Basi ahadi ilipita katika damu, wala haikufungwa nayo. Aaminiye hayo atamhukumuje jirani kwa babu yake?