Mwenye simu na mwenye programu, nani mwenye dhima?

Kijana mmoja niliyemsomesha dini sekondari, ambaye leo anatengeneza programu za simu, alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha. "Ustaadh," akaniambia, "kazini nimeagizwa niweke ile namba nyekundu kwenye programu yetu ya mauzo, itokee hata kama mteja hana ujumbe wowote. Wanataka tu aifungue. Je, mshahara wangu ni halali?"

Jibu nilikuwa nalo, lile tunalowapa wanafunzi kila siku: mwenye simu aizuie nafsi yake. Lakini nikasita. Muda mfupi kabla ya hapo simu ilikuwa imetetema mfukoni mwangu katika rakaa ya tatu (nilisahau kuizima, na hilo ni kosa langu). Mpaka natoa salamu sikujua nilichosoma. Kumbe lilikuwa tangazo la viatu!

Ni kweli nafsi ni dhaifu. Lakini udhaifu huo ukishajulikana, je, ni halali kuufanyia biashara? Maana wenzetu hawa hawabahatishi. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha: unasogeza kidole, habari nyingine zinajileta zenyewe. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, ukabonyeza ndipo uendelee. Pale pa kubonyeza ndipo mtu alipokumbuka kwamba ana chungu jikoni, au mtoto anayemsemesha. Baadaye Raskin mwenyewe alijuta hadharani. Mwaka 2013 naye Tristan Harris, akiwa mfanyakazi wa Google, aliwaandikia wenzake akiwataka waheshimu umakini wa watumiaji. Hawa si masheikh, lakini wanalolizungumza ni amana na dhulma.

Muuza nguo akificha tundu la shati, hatuanzi kumlaumu mnunuzi kwa macho yake mabovu. Fiqhi inampa haki ya kulirudisha. Namba nyekundu isiyo na ujumbe ni udanganyifu wa namna hiyo hiyo, tena mzito zaidi, kwani saa iliyokwenda hairudishwi dukani.

Sisemi kila mlio ni haramu, la hasha. Taarifa kwamba fedha imeingia kwenye simu tunaisubiri kwa hamu. Lakini matangazo yana haraka gani? Yangeweza kuja kwa pamoja, mara moja kwa siku, na pa kuyazimia pakaonekana waziwazi badala ya kufichwa nyuma ya milango saba.

Nilimwambia mimi si mufti, na mshahara wake wote siwezi kuuhukumu, ila namba ile ni uongo na asiiweke. "Wakinifukuza, Ustaadh?" Ana mke na mtoto mchanga. Nikamshauri aanze kwa kuwaomba jambo dogo tu: namba itokee pale penye ujumbe wa kweli. Aliniahidi kuzungumza na mkuu wake Jumatatu. Mpaka naandika haya hajanipa jibu.