Ole Wenu Mnaopima Watoto kwa Macho

Enyi mashangazi, majirani, walimu, nanyi wazazi mnaocheka pembeni, nisikilizeni.

Binti wa miaka 14 anaingia sebuleni, hata shikamoo haijajibiwa, mmeshamminya mkono: "Wee bonge, kwenu mnakula nini?" Anachekacheka. Usiku anajitapisha chooni, bomba limefunguliwa ili asisikike. Akipungua, mnamsifia harusini na kumwuliza siri. Akizidi kupungua, anakuwa kimbaumbau. Akifumaniwa anatapika, mbio kumpima mimba. Mimba isipoonekana, mnasema ana mapepo. Nani kati yenu amemwuliza anaumwa nini?

Mngetazama mkono mliouminya, mngeona sugu kwenye vifundo vya vidole, palipokwaruzwa na meno. Asidi inamla meno kwa ndani. Kila anapotapika anapoteza potasiamu, na ikishuka mno moyo huenda mrama, pengine ukasimama.

Kule Nadroga, Fiji, televisheni ilipoingia mwaka 1995, watafiti hawakukuta msichana aliyejitapisha ili apungue. Mwaka 1998 wakawakuta karibu 11 katika kila 100. Wale walifundishwa na televisheni. Wenu mnawafundisha wenyewe, tena mkiwa mmekaa nao mkeka mmoja.

Na yule kijana wa bweni anayejikunja kwa maumivu ya tumbo kila alfajiri, mnasema anadeka, au ana mawazo. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren walimtambua bakteria Helicobacter pylori, na leo vidonda vya tumbo vinavyoletwa naye hupimwa na kutibiwa kwa antibiotiki. Nyinyi mnamnunulia diklofenaki dukani, dawa inayoweza kuchimba vidonda hivyohivyo! Kila tonge linamchoma, basi anaanza kulikwepa: leo maharage, kesho ugali, mwisho anaogopa sahani yenyewe. Hapo ana magonjwa mawili, na wa pili mmeulea kwa kutomsadiki.

Acheni. Midomo yenu iondoke kwenye miili ya watoto, iwe minene au myembamba. Anayejitapisha, anayeficha chakula, anayeumwa tumbo wiki baada ya wiki, apelekwe hospitali, na mkifika mwacheni aongee yeye. Wala aliyekaa na njaa muda mrefu msimshindilie sinia la pilau ili kufidia. Chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvichumvi za damu na kinaweza kumuua. Arudishwe kula kidogokidogo, daktari akimwangalia. Mpelekeni leo, msingoje shule zifungwe.