Kazi Isiyotikiswa na Dhiki

Suali linalowashughulisha wazazi wengi wa miji yetu ya pwani ni hili: mtoto afundishwe kazi gani ambayo biashara zikizorota haitamponyoka? Suali ni la haki. Mtume wetu (S.A.W.) alimwamrisha mtu amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, basi anayedhani kuwa kutawakali ni kukaa bila ya kupanga hakufahamu maana yake. Lakini suali hilo, kama tuliulizavyo, lina upungufu, na upungufu wake waonekana vyema katika miji miwili ya bara ambako vijana wetu nao huenda kutafuta riziki, Ruiru na Thika.

Ruiru ilijulikana kwa mashamba ya kahawa, na hapo ndipo zao hilo linapofanyiwa utafiti. Mwaka 1985 wataalamu walitoa mbegu iitwayo Ruiru 11, inayostahimili kutu ya majani na maradhi yaozeshayo matunda. Miaka minne baadaye, Julai 1989, mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa duniani yakavunjika, na bei ikaanguka kwa kiasi cha nusu. Mti ulikuwa mzima. Aliyeugua ni soko. Leo sehemu ya mashamba hayo yamekuwa majumba, na Tatu City, iliyotangazwa mwaka 2010, yajengwa juu ya ardhi ya kahawa.

Thika nayo ni mji wa viwanda, na aliyeendesha mtambo wa kufuma nguo alihisabiwa kuwa amefika. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vingi vya nguo nchini vikafungwa au vikapunguza watu. Vya Thika havikusalimika. Hata serikali, ambayo kazi yake wazee wetu waliiita ya maisha, ilianza kupunguza watumishi katika miaka hiyo hiyo. Wala tusiwacheke wa bara. Mwaka 2019 ilipoamriwa shehena ziendazo bara zipakiwe reli, wenye malori na makarani wa Mombasa waliyaonja hayo, hata amri ilipoondolewa mwaka 2022.

Basi salama haimo katika jina la kampuni wala katika zao. Imo zaidi katika haja za watu zisizongoja bei. Mgonjwa haachi kuugua kwa kuwa kahawa imeshuka, na bomba lililopasuka halisubiri soko litengemae. Mitumba ile ile iliyomkosesha mfumaji kazi ilimletea kazi fundi cherehani, wa kupunguza na kutia viraka. Lakini kwetu baba aona fahari mwanawe kuwa karani, na aona haya akiwa fundi. Haya hiyo hatukuipata katika dini, kwani Nabii Daud alikula kwa kazi ya mkono wake.

Hata hivyo, muuguzi na fundi si wao peke yao wanaosimama wakati wa dhiki. Husimama pia aliyeficha unga akingoja uadimike, na mkopeshaji wa riba anayechukua cherehani ya aliyeachishwa kazi kuwa rehani. Hawa hawasimami tu, bali hustawi. Ikiwa kipimo chetu ni salama peke yake, itatulazimu kuwasifu mbele ya watoto wetu. Kwa hivyo mzazi hana budi kuuliza na la pili: kazi hii ikidumu katika dhiki, yadumu kwa kuwaondolea watu dhiki yao, au kwa kuila?

Nabii Yusuf, alipojua kwamba miaka saba ya ukame yaja, aliomba mwenyewe awekwe juu ya ghala za Misri, na akataja sifa mbili, uhifadhi na ujuzi. Njaa ilipokuja, hata nduguze waliomtupa kisimani aliwapimia kipimo kamili. Lau angalizifunga ghala akingoja bei ipande, cheo chake kingalikuwa salama vile vile.