Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Somo la juma: 2 Timotheo 1:3–7



Paulo alikuwa kifungoni alipomwandikia Timotheo barua hii, na karibu jambo la kwanza analomkumbusha kijana huyo ni urithi wake. Imani ya Timotheo haikuanzia kwake. Nyanya yake Loisi aliishi nayo, mama yake Eunike akaipokea, na sasa iko mikononi mwake yeye. Papo hapo Paulo anamwagiza aichochee karama yake, kwa maana hata kilichorithiwa huweza kupoa. Halafu anataja mambo matatu ambayo Mungu hutupa badala ya woga: nguvu, upendo na kiasi.

La kwanza tunaliomba kila siku. La pili tunalihubiri. La tatu tunalisoma haraka haraka tukielekea mstari unaofuata. Juma hili nataka tulisimamie hilo la tatu, na fundi wa magari atatusaidia kulielewa.

Mshirika wetu mmoja, mama mkulima, aliachiwa na marehemu baba yake pikapu aina ya Peugeot 404. Wazee wetu wa milimani hawahitaji kuelezwa hilo ni gari gani. Vijana nitawaambia kwamba 404 ilianza kuuzwa mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia, na pikapu ikafuata mwaka 1967. Lakini sifa zake zilitokana na barabara zetu. Katika Safari Rally, mashindano yaliyokuwa yakifanyika wikendi ya Pasaka, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mengine yote yalimezwa na matope, mawe na mito. Baada ya hapo pikapu hizo zilibeba kahawa, maziwa, mbao na majeneza, na nyingine zikafungwa mabenchi nyuma zikawa matatu.

Hii ya baba yake ilikuwa imekaa kibandani tangu mzee alipoacha kuendesha. Kutu ilikuwa imekula sakafu, na panya walikuwa wameguguna waya. Kuna waliomshauri aiuze kwa kilo, chuma chakavu. Alikataa. Hakutaka pia iwe pambo la kupigia picha za harusi. Alitaka gari litakalopeleka parachichi sokoni, lipite barabara ya lami pamoja na magari ya leo, na lirudi nyumbani salama. Kwa hiyo halikuwa suala la kurudisha gari lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani tu. Dunia linayorudi kuendeshwa ndani yake si ile liliyoiacha.

Mwanawe wa kwanza alikuja na mapendekezo yake: injini ya kisasa kutoka gari la Kijapani lililogongwa, gia tano, rimu pana, redio ya kuunganishwa na simu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenye mali.

"Mama, mimi nitaanza na breki. Hayo mengine tutayaangalia pesa zikibaki."

Kijana hakufurahi. Breki hazionekani gari likiwa limeegeshwa, na hakuna jirani atakayekuja kuzisifia. Lakini fundi alikuwa na hesabu yake. Gari likitoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa likafika 100, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Ukilipatia gari kuukuu injini yenye mbio ukaliachia breki zake za zamani, umetengeneza hatari yenye rangi nzuri. Yesu mwenyewe alionya kuhusu kiraka kipya kinachoshonewa vazi kuukuu: kiraka hukaza, vazi likachanika zaidi. Kipya kina madai yake, na asiyeyapima kabla atayalipia baadaye.

Basi fundi alifungua magurudumu. Yote manne yalikuwa na breki za ngoma. Breki hizo hufanya kazi vyema zikiwa baridi, lakini ukizikanyaga mfululizo zinashika moto, ngoma inatanuka, viatu vya breki vinapoteza mshiko, na dereva anabonyeza pedali isiyomjibu. Magurudumu ya mbele akayafungia breki za diski, ambazo hupigwa na upepo na kupoa upesi. Pampu ya breki nayo ilikuwa ya njia moja: bomba moja likivuja, magurudumu yote manne hayana kitu. Akaweka pampu ya njia mbili, ili upande mmoja ukikosa, mwingine ubaki. Akafuata na usukani, waya mpya, taa zinazomulika kweli, na mikanda ya usalama ya kupita begani.

Injini aliijia mwisho, wala hakuitupa. Injini ya 404 ina jambo la kupendeza: silinda zake ni slivu zinazotolewa na kuwekwa nyingine, kwa hiyo hata iliyochakaa hufanywa upya bila kubadilisha bloku. Aliyeibuni alijua kwamba siku moja ingechoka, akaiachia nafasi ya kufufuliwa. Fundi akaweka slivu na pistoni mpya, na mfumo wa umeme wa kuwasha plagi mahali pa platini za zamani. Viti vya valvu akavifanya vya chuma kigumu, kwa kuwa petroli yenye risasi haiuzwi tena nchini tangu mwaka 2006, na injini za zama zile zilitengenezwa zikiitarajia. Gia ikabaki pale pale kwenye usukani, alipoizoea mzee. Namba ya chasisi ikabaki ile ile. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na mama huyu alikuwa na kamba.

Wapendwa, Timotheo naye alikuwa na kamba. Paulo hamwambii aiache imani ya nyanya yake kwa kuwa nyakati zimebadilika, wala hamwambii aihifadhi kwenye kabati. Anamwambia aiwashe iende kazini, katika mji wa Efeso wenye mabishano, wivu na walimu wa uongo. Na kwa kazi hiyo haombewi nguvu peke yake. Mungu anapotia nguvu ndani ya mtu hutia pia uwezo wa kujizuia, na katikati ya hivyo viwili ameweka upendo. Upendo umekaa hapo kwa haki kabisa. Gari halifungiwi breki kwa faida ya gari. Zinafungwa kwa ajili ya mtoto anayevuka barabara akitoka shule, na bibi anayesukuma mkokoteni, na dereva mwingine anayekuja upande wa pili. Kiasi ni namna ya kumpenda mtu ambaye mbio zetu zingemwumiza.

Nchi yetu iliwahi kupewa somo hilo hilo. Mwaka 2004 zilianza kutekelezwa sheria ambazo wananchi waliziita za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Matatu zililazimishwa kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda. Hakuna injini iliyoongezwa nguvu. Usafiri ulianza kufanywa upya kwa kufundishwa kuzuilika, na kila tulipolegea kuzisimamia sheria hizo, barabara zimetukumbusha.

Sasa tujiangalie nyumbani. Tunaomba kupandishwa cheo, na hatuombi ulimi utakaojua kunyamaza mbele ya walio chini yetu. Tunaomba biashara ipanuke, na hatuombi moyo wa kusema "mkopo huu sitauchukua". Kijana anapewa simu yenye uwezo wa kumfikia kila mtu kijijini kwa sekunde moja, wala hakuna aliyemfundisha kusubiri kabla ya kutuma. Mhubiri anapewa karama ya kukusanya watu, watu wanajaa, na hana mtu hata mmoja anayeweza kumwambia "Mchungaji, hapo umezidi". Hata kazi njema yahitaji breki. Ndiyo maana Mungu aliweka Sabato kabla hatujajua kuchoka ni nini. Tukiona mtu wa Mungu ameanguka twasema alipungukiwa na nguvu za kiroho. Mara nyingi nguvu alikuwa nazo tele.

Mfikirie Daudi katika sura ya 25 ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Amekwisha kupakwa mafuta. Anateremka mlimani na watu wapata mia nne, panga kiunoni, kwenda kuwamaliza wanaume wote wa nyumba ya Nabali kwa sababu ya tusi moja. Nguvu anazo, sababu anayo, na hakuna wa kumzuia ila mwanamke mmoja juu ya punda, Abigaili, mwenye mikate na divai na maneno ya hekima. Daudi anasimama. Anamshukuru Mungu kwa ajili yake, akikiri kwamba amezuiwa asimwage damu. Siku ile upako wa mfalme haukuonekana katika upanga wake. Ulionekana katika kusimama kwake. Wala breki haikutoka ndani yake mwenyewe. Mungu aliipandisha juu ya punda akamtumia.

Kuna jambo moja tena ambalo madereva wa malori wanalijua. Ukitoka Limuru kwenda Mai Mahiu unashuka ukuta wa Bonde la Ufa, katika barabara iliyojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano, ambao mwaka 1942 waliacha pia kanisa dogo kando ya njia. Dereva mzoefu hafiki pale juu akategemea mguu wake. Anaingiza gia nzito mapema, kabla mteremko haujaanza, injini yenyewe ilizuie gari, na breki anazitunzia wakati wa lazima. Asiyejua hilo huteremka kwa gia nyepesi akikanyaga njia nzima, na anapozihitaji kweli zimekwisha kuungua.

Ndivyo wengi wetu tunavyojaribu kuishi na kiasi. Tunangoja hasira ichemke ndipo tuitafute subira, tunangoja tufike penye kishawishi ndipo tulitafute neno la Mungu. Kiasi ambacho Roho anatupa hakifanyi kazi dakika ya mwisho peke yake. Kinaingizwa mapema: katika sala ya asubuhi kabla simu haijafunguliwa, katika bajeti inayoandikwa kabla ya mshahara, katika ahadi ya mume na mke kwamba ugomvi hautajadiliwa usiku wa manane. Katika orodha ya tunda la Roho, Wagalatia sura ya 5, kiasi kinatajwa mwisho kabisa. Tusidhani basi kwamba ni kidogo. Upendo unaotangulia orodha ile hautafika mbali bila hicho kinachoifunga.

Kwa hiyo kazi ya juma hili ni moja. Kila mmoja wetu ana mahali ambapo Mungu amemwongezea nguvu mwaka huu: fedha, cheo, sauti, maarifa, afya iliyorudi, mtoto aliyepata kazi. Pataje mahali hapo kwa jina lake. Kisha, kabla ya Jumapili ijayo, mtafute mtu mmoja anayekupenda na asiyekuogopa, umpe ruhusa wazi ya kukuzuia hapo hapo. Akiwa mkeo, mwambie. Akiwa ni mzee wa kanisa, mwendee. Akiwa ni mwanao mkubwa, usione haya. Na siku atakaposema "inatosha", uamuzi wa kwanza uwe kusimama. Maelezo utayatoa baadaye.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyewapa baba na mama zetu imani wakatuachia, utusaidie tusiiuze kwa bei ya chuma chakavu wala tusiifungie kibandani. Ichochee ndani yetu. Utupe nguvu, lakini usitupe nguvu tusizoweza kuzizuia. Tupelekee Abigaili wetu tukiwa bado njiani, na utupe masikio ya Daudi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.